Fremu Iliyoondoka na Tangazo

Wanangu wa meza ya michezo, mmeniandikia mkitaka niwape siri za kazi, nami nimecheka peke yangu jikoni hadi chai ikachemka ikamwagika. Siri gani? Mimi nilikuwa mpanga kurasa. Miaka yangu yote gazetini sikuandika hata habari kumi. Waandishi walileta maneno, wapiga picha walileta picha, mimi nikawatafutia pa kuketi. Kwenye harusi, ukimketisha mkwe kando ya mlevi, mlevi halaumiwi, analaumiwa aliyepanga viti. Basi hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Jambo la pili mlijue mapema: mimi ni mwoga. Hata hivi ninavyowaandikia nimeshasimama mara mbili kwenda kuangalia kama mlango nimeufunga. Na katika hadithi hii mtakutana na mchezaji anayeitwa Opio. Hilo si jina lake. Nimembadilishia jina, timu, nafasi yake uwanjani, hata rangi ya jezi. Nawajua nyinyi, mtakimbilia kabati la magazeti ya zamani. Nendeni, mtakula vumbi bure.

Gazeti letu lilikuwa la wiki, la michezo, la Kiswahili, hapa Kampala, mji ambao wengi hukikumbuka Kiswahili wakishakasirika tu. Wasomaji wetu walikuwa askari wa kambi ya Mbuya na familia zao, madereva wa malori kutoka Kenya, Wakongo wa maduka ya vitenge, na sisi Wanubi tuliozaliwa kambini. Ofisi ilikuwa Kansanga, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Kurasa tulizifunga Jumatatu saa sita mchana, na Jumanne asubuhi gazeti lilikuwa mtaani.

Aliyenifundisha ni Mzee Odongo, sajini mstaafu kutoka Gulu, msahihishaji wetu, Mungu amrehemu. Alinipokea enzi za mkasi na gundi. Tulipanga kurasa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na mstari wa kutenganisha habari na habari haukuchorwa: ulikuwa utepe mweusi, mwembamba kama uzi, unaubandika kwa ncha ya kisu huku umeshikilia pumzi. Mzee alikuwa anapita na rula yake nyuma ya mgongo wangu. Akikuta habari mbili hazina mstari kati yao, anagonga meza.

"Zamzam! Hii habari na hii ingine, nani aliwaoza?"

Kisha ananirudisha hatua tano nyuma ya meza. "Simama pale. Angalia hii ukurasa kama mtu hapana jua kusoma. Unaona nini?" Hilo lichukueni, ni la bure na linafaa kuliko cheti. Watu wengi hawasomi gazeti, wanaliangalia. Wanaona herufi kubwa, wanaona sura iliyo chini yake, wanajifungia ndoa wenyewe kichwani.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la kuchekesha. Nilibadilisha maelezo ya picha mbili. Haji mmoja wa Old Kampala, mwenyekiti wa klabu, mtu mzito na kofia yake, alikuwa anafungua mashindano ya vijana. Chini ya picha yake nikaweka maneno ya bondia: "Alianguka raundi ya pili baada ya kula konde la kushoto." Nililia mpaka kope zikavimba. Nikataka kumpigia simu. Mzee Odongo akaninyang'anya mkono wa simu.

"Kosa ya gazeti inaombewa samahani na miguu. Simu hapana. Enda, aone sura yako."

Nikapanda kilima cha Old Kampala kwa miguu, jua la saa saba. Haji akaniketisha barazani saa tatu nzima bila kunisemesha, kisha akatoka, akanimiminia chai, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Tangu siku hiyo aliniita Konde. Nikashika somo hilo: ukikosa, nenda kwa miguu. Nililishika miaka mingi bila kulichunguza.

Sasa nije kwenye mliloniuliza hasa. Kwenye barua yenu kuna mmoja amesema, "Mama, mlikuwa mnazipangaje zile habari za wachezaji wanaojitangaza kuwa ni mashoga?" Nikaisoma mara tatu, nikaenda kuangalia mlango.

Tulizipanga vibaya, na tulizipenda. Ilikuwa hivi kila mara: mchezaji mmoja wa Ulaya, au Amerika, au Australia, ambaye msomaji wetu hangemtambua hata akimkuta anakaanga chapati hapa Kansanga, anasema maneno mawili juu ya maisha yake, na gazeti letu linaisha kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeuliza anacheza namba ngapi. Mhariri wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Bosi, alikuwa anazisubiri habari hizo kama mvua ya kupandia. Tuligombana juu ya kichwa cha habari kila safari. Yeye alitaka neno la matusi, lile la vijiweni. Mimi niliandika, "Mchezaji asema anapenda mwanaume mwenzake."

"Nnyabo, hiyo kichwa imelala," ananiambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Nani atanunua gazeti imelala?"

"Wacha ilale, Bosi. Ikiamka itauma mtu."

Tulichokuwa hatukisemi ni kwamba msomaji hakuwa anamsoma yule wa mbali. Alikuwa anamtafuta wa hapa. Baada ya kila habari kama hiyo simu zilikuwa zinalia ofisini: na fulani je, mbona haoi? Na yule kipa, mbona anavaa hereni? Sheria yetu mnaijua, sina haja ya kuwasomea vifungu. Na kabla ya sheria kuna jirani, kuna mwenye nyumba, kuna baba mzazi. Mtu wa Ulaya akijitangaza, klabu yake inamwandikia ujumbe mzuri. Hapa mtu akitajwa tu, anatafuta begi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, saa tano na dakika kadhaa. Ukurasa wa tatu ulikuwa tayari. Juu, habari ya mchezaji wa Ulaya aliyejitangaza wiki hiyo. Maneno yake mwenyewe tuliyafanya kichwa, herufi nene: NIMECHOKA KUJIFICHA. Chini yake, tangazo la rangi za kupaka nyumba, robo ukurasa. Mwenye tangazo akapiga simu: analiondoa. Alisikia litakaa chini ya habari gani, na hakutaka rangi zake zikae hapo.

"Ziba hiyo shimo," Bosi akasema, anaangalia saa.

Kompyuta ilikuwa imeshachukua nafasi ya mkasi zamani. Nikalibofya tangazo, nikalifuta. Nikafungua faili la picha za Jumamosi, nikachukua iliyotoshea. Ilikuwa ya Opio, beki wa timu moja ya hapa mjini, mara baada ya bao. Mwenzake amemrukia, mgongo wake umeelekea kamera, na Opio amemkumbatia, amefumba macho, sura yote imejaa furaha. Picha nzuri sana. Nikaandika chini yake kwa herufi ndogo: "Opio akishangilia na mwenzake."

Sikilizeni sasa, maana kosa hili ni letu sisi wapanga kurasa tu, mtu mwingine hawezi kulifanya. Tangazo huja na fremu yake. Ile mistari minne inayolizunguka ni mali ya tangazo, haikai kwenye ukurasa. Ukilifuta, fremu inaondoka nalo. Mimi niliona weupe umejaa, nikapumua, nikatuma mtamboni. Sikurudi hatua tano nyuma. Nilikuwa nimeketi, nimechoka, nataka chakula.

Jumanne asubuhi nikashuka kwenye basi Kansanga, muuza magazeti wetu akanikimbilia akicheka.

"Mama, leo mumetoboa! Kumbe Opio?"

Akanifungulia ukurasa wa tatu mbele ya uso. NIMECHOKA KUJIFICHA. Na chini yake, bila mstari, bila hata nafasi ya kidole, Opio amefumba macho kifuani mwa mwanaume. Niliketi juu ya gunia la mtu la saruji. Kufika saa nne, picha ya ukurasa wetu ilikuwa kwenye kila simu, imekatwa vizuri: kichwa kimebaki, Opio amebaki, habari ya Mzungu imetupwa nje.

Nikafanya nini? Nikakumbuka rula ya Mzee Odongo. Nikasema, Zamzam, kosa la gazeti linaombewa radhi kwa miguu. Bosi alikuwa hajafika. Opio alipanga chumba Mbuya, na kutoka Kansanga ni mbali, basi nikamwomba dereva wa ofisi anipeleke. Kichwa changu siku hiyo hakikuwa kichwa. Nilipanda gari la gazeti, lenye jina la gazeti ubavuni huku na huku, na tukaenda tukaliegesha mbele ya lango la kijana yule, saa tano ya asubuhi, akina mama wote wako nje wanafua.

Alinifungulia mlango kwa upana wa kiganja. Pazia lilikuwa limefungwa, taa imewashwa mchana. Kijana mrefu, mabega ya kubeba dunia, na midomo imemkauka.

"Jambo, mama. Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mwanangu, na dereva tu. Nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyepanga ule ukurasa."

"Umekuja na nini?"

"Na gari la ofisi."

Akasogeza pazia kidogo, akachungulia, akaliachia. "Banange, jamani," akasema polepole. "Mama, asubuhi mliniuwa mara moja. Sasa ndiyo mara ya pili."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Niliomba radhi tena na tena. Yeye akanipa kiti, kwa sababu alilelewa vizuri, akabaki amesimama. Simu yake ilikuwa kitandani, inatetemeka yenyewe, inazima, inatetemeka tena. Hakuigusa.

"Tutasahihisha," nikamwambia. "Jumanne ijayo, ukurasa wa mbele, herufi kubwa. Nitaandika kwamba wewe si mtu wa namna hiyo. Nitaandika ni uzushi. Nitaapa."

Nilitarajia anishukuru. Nje mtu alicheka, na mwingine akaita jina lake kwa sauti ya kike ya kuigiza.

"Mama," akasema, "hapana andika hivyo."

"Niandike vipi basi?"

"Andika picha ni ya mechi. Andika mulikosa. Hiyo ni ukweli. Ile ingine, wacha."

"Lakini mwanangu, watu wanasema..."

"Wacha, mama. Naomba."

Wanangu, swali lilinijia hadi kwenye meno. Mnalijua ni swali gani. Mngekuwa nyinyi mngeuliza, nami nisingewalaumu, mmefundishwa kuuliza. Yeye alikuwa ananitazama usoni aone kama nitauliza. Nilikuwa naogopa jibu la ndiyo, na nilikuwa naogopa jibu la hapana, maana lolote kati ya hayo ningelibeba mimi, na mimi nimewaambia mapema ni mwoga. Nikasema, "Nimesikia." Nikainuka. Akanisindikiza mpaka mlangoni tu, hakutoka nje.

Ofisini nilimkuta Bosi amechangamka na amefadhaika kwa pamoja. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto, alikuwa anaswali, na alitaka kumsaidia Opio kwa njia anayoijua. Alikuwa ameshaandika kichwa kwenye karatasi: OPIO: MIMI NI MWANAUME KAMILI.

"Tunaweka na picha ya msichana wake," akasema. "Kama hapana msichana, tunatafuta. Hata binamu. Zamzam, hiyo kijana inaweza kufa. Tuoshe yeye mapema."

"Hakuniambia niandike hivyo."

"Alisema nini?"

"Alisema picha ilikuwa ya mechi."

Bosi akaniangalia. Yeye ni mwandishi, pua yake ilikuwa inafanya kazi. Nikaona swali lile lile linamjia mezani kwake, na nikaanza kusema haraka haraka juu ya fremu, juu ya tangazo la rangi, juu ya kompyuta, mpaka akachoka kunisikiliza.

Nikaandika sentensi tatu. "Picha iliyochapishwa wiki iliyopita ukurasa wa tatu ni ya mechi ya Jumamosi. Haikuhusu habari iliyokuwa juu yake. Kosa ni la mpanga kurasa, na gazeti linaomba radhi." Bosi akazisoma, akazirusha mezani.

"Hii ni samahani ya nini? Mtu atasoma, atauliza, kwa nini hawakukana?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima. Nikikana kwa niaba yake, nimeweka maneno kinywani mwake, na siku yoyote mtu akitafuta kumwangamiza, atainua gazeti langu: si ulisema mwenyewe? Nisipokana, kimya chenyewe kinasema. Pande zote mbili kulikuwa na kijana mmoja katika chumba chenye pazia lililofungwa. Kati ya hayo mawili nilichagua lile aliloniomba, kwa sababu maisha yalikuwa yake. Nikamwambia Bosi aweke kichwa chake akitaka, lakini aliondoe jina langu na atafute mtu wa kupanga kurasa Jumatatu. Hakuwa na mtu. Ndiyo sababu sentensi zangu tatu zilitoka, msije mkasema ni ushujaa.

Hazikumwokoa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshamtolea mizigo nje tangu Jumatano. Aliniambia mwenyewe kwa simu, nilipompigia kumsihi: "Gari ya gazeti ilikuja hapa, mimi niliona na macho yangu. Lisemwalo lipo." Ukurasa wangu alikuwa hata hajauona. Alichokiona ni gari. Opio akahamia kwa mchezaji mwenzake. Kocha akamwacha nje ya kikosi mechi nne, kwa usalama wake, alisema. Kwa siku kadhaa nilikuwa nampigia asubuhi nisikie tu sauti yake. Anajibu neno moja: "Niko." Halafu siku moja akaniambia, "Mama, hapana piga tena. Watu wanaona jina yako kwa simu." Nikaacha kupiga. Nikawa nanunua magazeti ya wenzetu na kutafuta jina lake kwenye orodha ya kikosi, na nikilikosa nasema leo wamempata.

Wiki ya tano jina lilirudi. Nikaenda uwanjani mwenyewe, mimi ambaye kazi yangu yote niliutazama mpira kwenye karatasi. Nikaketi jukwaa la jua. Mbele yangu kulikuwa na mwanaume wa makamo, shati la timu ile ile ya Opio, na kwa dakika tisini alimtukana kila alipogusa mpira. Maneno siyaandiki. Wengine walicheka, wengine wakamwambia anyamaze, wengi waliangalia mpira. Kila krosi ilipokuja nilifumba macho. Opio alicheza kama mtu anayefua nguo za familia kubwa, moja baada ya nyingine, bila kuinua kichwa. Hawakufungwa. Mwishoni yule mwanaume alisimama akapiga makofi.

Nilishuka nikaenda kusimama pale basi la timu lilipoegeshwa. Nilitaka kumwambia hongera tu, kisha nirudi nyumbani. Kulikuwa na waandishi wawili vijana na simu zao, na mashabiki kadhaa, na yule mtukanaji pia alikuwa amefika. Opio akatoka na begi begani. Mtukanaji akamnyooshea mkono, akamwita bwana kwa Kiganda, "Leo umecheza, ssebo!" Opio akaupokea, akatabasamu, akapita.

Kisha akaniona mimi. Tabasamu likamtoka usoni. Hakunitazama machoni. Alitazama mikono yangu, wa kulia, halafu wa kushoto, akitafuta kalamu au simu. Akageuka, akalizunguka basi kwa nyuma, akapandia mlango wa upande wa pili.

Mikono yangu ilikuwa mitupu. Nikaiinua aione, lakini alikuwa ameshapita.